Polis: masolo bila jina mu kartye yetu ku Kenya (Lubumbashi), nyota 3 na nusu

Nianze na ile bantu banauliza mwanzo juu ya Polis, fasi ya ku intaneti ya kukusanya mawazo ya bantu: ni ya bure, haikuombi namba ya telefone, haikuombi jina, na hakuna muntu anaweza kukujibu. Hii ya mwisho njo sababu minachosha vidole kuandika yote hii. Mu Polis hakuna kitufe ya kujibu. Mwenye kufungua masolo (mazungumzo) anaweka ulizo moya, wewe unaandika wazo yako fupi, herufi 140 basi, benzako banaisoma bila kujua ni ya nani, na kila moya ao anaitika, ao anakatala, ao anapita. Ukitaka kumutukana mwenye aliandika hauna fasi ya kuweka ile tusi. Unaweza paka kukatala, kisha inakuletea wazo ya mwengine.

Sasa niseme namna gani tulifika pale, juu bila ile hautaelewa nyota zangu. Siye tuko ku Kenya, minasema komini ya Kenya hapa Lubumbashi, ndugu zetu ba Nairobi musiruke. Kartye yetu iko na grupu ya WhatsApp ya zamani, ilianzaka kwa mambo ya matanga, maji, mutoto mwenye kupotea, nani eko na ngazi ya kuazimisha. Ikaya eleksion ya desemba 2023 na grupu ikaoza. Shida ya kwanza ni kwamba namba zote zinaonekana, na hapa kwetu namba ni jina, na jina ni kabila, bantu banasoma jina yako tu na banajua (banafikiri banajua) ulipiga kura ya nani. Huyu wa Katumbi (mupinzani), huyu wa Fatshi (Rais Tshisekedi), huyu anamulilia Kabila (Rais wa zamani). Ilifika mahali mama moya akiandika kwa amani yake yote kwamba taa ya ku kona imekufa, muntu anamujibu ati muulize Rais wenu. Taa! Na wengine bote, bale ba katikati, banyamaza. Banasoma, habaandiki. Hawa ndio bengi, na hakuna muntu anabahesabu.

Tena kuna woga, tusidanganyane. Kode ya numerike (sheria ya mambo ya intaneti ya Congo) ya 13 marsi 2023 iko na ile kifungu ya 360, ukianzisha ao ukipitisha habari ya uongo juu ya muntu mu rezo unaweza kupata kifungo ya mwezi moya mupaka sita, na amande ya franga 500,000 mupaka milioni moya. Na bote tulifuata kesi ya Stanis Bujakera, mwandishi wa habari, alikamatwa septemba 2023 akatoka marsi 2024, juu ya habari yenye haikuwa hata na jina yake pale chini. Sasa mwalimu wa kawaida mwenye mushahara ya kutafuta, utamwambia atoe mawazo yake mbele ya namba mia na zaidi na kapture (picha ya ekra) inapigwa kila dakika? Bawazee ba hapa benye balikuwa ku kampusi ya Lubumbashi mu mei 1990, wakati banafunzi balishambuliwa usiku, haba hawaitaji kufundishwa mambo ya bamushari (bapelelezi). Walianza kuchunga mudomo mbele hata telefone haijakuya.

Kwa hiyo wazo ya kuficha majina haikutoka kwa bahalifu. Ilitoka kwa bantu ba heshima. Admini akaleta ile programu moya (sitataja) ya kutuma ujumbe bila jina, unafungua linki, unaandika, yeye anaibandika mu grupu. Mangaribi ya kwanza nilifurahi kabisa, bantu benye hawajasemaka hata siku moya balisema bintu ya maana, kuna mutu alieleza vile nyumba yake ilivunjwa mara mbili na anaogopa kushitaki juu anajua ni batoto ba jirani. Kisha pale, bila hata kupita wiki, ikageuka lile pipa ya takataka ya soko. Majina ya bake za bantu. Nani eko na deni ya nani. Halafu moya akaandika ati bale benye kutoka ngambo bapande treni barudie kwabo.

Kama hauko muntu wa huku unaweza kuona ni neno ya hasira tu. Mu 1992 na 1993, wakati Kyungu wa Kumwanza alikuwa gavana, bantu ba Kasai (upande ingine ya Congo) balifukuzwa hapa Katanga kwa maelfu, familia zilikaa ku stasio ya gari ya moshi ya Likasi miezi na miezi na masufuria yabo zikingoja treni, bengine balikufia palepale. Beko na batoto babo leo mu kartye yetu. Beko mu grupu. Mutu anaandika "treni" akiwa amejificha, na hauwezi hata kujua kama ni jirani yako wa ukuta ao mujinga fulani mwenye eko Johannesburg na hajakanyaga hapa tangu zamani. Admini alifunga ile linki usiku uleule na akafanya muzuri.

Njo pale mutoto wa yaya yangu, anasoma informatike, alileta Polis. Mi nilikatala mwanzo, nilisema tumetoka kuungua na bila-jina moya unatuletea ingine. Akanieleza mambo ya Taiwan na njo ile ilinivuta, juu mambo yabo inafanana na yetu kuliko munavyofikiri. Bajeune ba kule baliingia wakakaa ndani ya Bunge yabo mu 2014, kisha ile kelele ikazaliwa vTaiwan, njia ya raia kuongea na serikali juu ya sheria, na mu 2015 bakaweka mu Polis ulizo ya Uber. Tajua vile inakuwa: bale ba teksi ya zamani wanataka Uber ifukuzwe, bale ba Uber wanataka iachwe. Kambi mbili wazi kabisa. Lakini kwa sababu hakuna kujibizana, bantu wakaendelea kuandika mawazo yenye kambi zote mbili zingeweza kuitika, ikatoka mambo ya asiransi ya abiria, permi ya kweli, kulipa kodi, na sheria ikafuata pale. Niongeze hii juu bantu benye kusifu Polis wanairuka: serikali ya kule hailazimishwi kufuata, na kuna mambo ingine ilipita mu vTaiwan ikalala.

Teksi. Siye hapa vita yetu ni moto, ni kusema teksi ya pikipiki. Kila muntu wa Lubumbashi anajua, bajeune benye kutoka Kasai na moto, bawewa, na ile kelele ya kila siku: wanaleta wizi, hapana wanalisha familia, wanachukua kazi ya batoto ba hapa, hapana batoto ba hapa hawataki ile kazi. Ni politike ya inchi nzima imevaa kaske na kupanda pikipiki. Kwa hiyo tuliweka ulizo: moto na usiku, tufanye nini mu kartye yetu? Tukatanguliza mawazo machache ya kufungua njia, nusu ya upande huu nusu ya upande ule, bitufe bilitoka Kifaransa juu telefone zetu ziko mu Kifaransa lakini mawazo tuliandika Kiswahili chetu hiki.

Mambo tatu zilinishangaza.

Ya kwanza, kulikuwa kimya. Hakuna ile mlio wa audio za dakika saba. Mutu anakaa na telefone yake, anabonyeza, anacheka, anakunja uso, anabonyeza. Mama muuza bukari wa hapa ku kona alinitolea siri kwamba hajawahi kusema kitu mu grupu miaka yote na pale alibonyeza mupaka mawazo ikaisha.

Ya pili ni karte, ile ramani ya mawazo. Polis inaangalia namna bantu wanapiga kura na inakusanya benye kufanana, inachora makundi, A na B, ao zaidi, na inakuonyesha weye mwenyewe uko wapi ndani. Kwetu ilitoka makundi mbili. Muzee moya, mwenye kelele sana mu WhatsApp, alichukua telefone akaangalia akasema kwa sauti ya mukubwa: hili kundi A njo bale ba Kasai, munaona vile wanakataa kila kitu. Mupwa yangu akamwonyesha ile alama ya "wewe". Ilikuwa mu A. Tulicheka mupaka bantu ba parsele ya pili wakauliza nani amekuya. Ukweli ni kwamba Polis haiulizi kabila, kwa hiyo hakuna muntu anaweza kusema makundi yale ni ya nani, na ukisoma mawazo yenye ilibatenganisha, ilikuwa zaidi bale benye kutumia moto usiku ao benye batoto babo banarudia nyumbani kisha jua kuzama, na bale benye hawatoke usiku. Jiografia ya miguu, hapana ya damu.

Ya tatu njo ya maana. Kuna muntu aliandika ile ile, ati bafukuzwe bote. Ilipita kwa moderasio (kuchuja mawazo) juu tuliamua kuacha (tuligombana juu ya hiyo, mi nilitaka itoshwe). Mu WhatsApp ile neno ingepata moto, mioyo, vicheko, majibu makumi, na ungelala ukifikiri nusu ya kartye wanataka kuchinjana. Mu Polis ilikataliwa na A, ikakataliwa na B. Kimya kimya. Na mawazo yenye iliitikiwa pande zote mbili ilikuwa ya kuchosha kabisa, kila motari avae jile yenye namba, shefu wa kartye awe na liste yabo, taa irudishwe ku barabara mbili zenye giza. Ile taa ya mama! Ilikuwa inangoja pale tangu desemba.

Kwa ile peke yake ningetoa nyota tano nikaenda kulala.

Lakini kesho yake bantu wakaanza: nani alipiga kura? Linki ilikuwa wazi, ilitoka kwa grupu ikaenda kwa grupu ingine, kuna kijana alijisifu kwamba alipiga na telefone ya kaka na ya dada na kompyuta ya kazi. Kuna moya alipiga kura akiwa Kinshasa. Na bale benye hawakupenda mambo ya liste ya shefu wakapata sababu ya kusema yote ni uongo. Haukuwa na jibu ya kuwapa. Ile ile yenye ilitupa uhuru ya kusema ilitunyima uwezo wa kuhakikisha.

Mi nilikaa na hii sana. Juu bantu wanasemaka ati kitu ya kuficha jina ni ya waoga, muntu wa demokrasia asimame na jina yake. Lakini kura yenyewe ni ya kuficha jina! Mu biro ya kura unaingia nyuma ya ile karto pekee yako na hakuna mutu ana haki ya kujua ulifanya nini. Tofauti ni mulango. Pale mulangoni wanaangalia karte yako ya kura, jina iko mu liste, wanakupaka wino ku kidole, bashahidi ba vyama wamekaa wanaangalia, na jioni wanahesabu mbele yabo na matokeo inabandikwa inje. Jina inajulikana mupaka ku mulango, kisha pale inafichwa. Na tumeona vile inakuwa ile kuhesabu ikikosa kuaminiwa: 2018 tulipiga tarehe 30 desemba, tarehe 31 intaneti ikakatwa inchi nzima karibu juma tatu, CENI (tume ya uchaguzi) ikatangaza matokeo, CENCO (baaskofu Bakatolika) yenye ilikuwa na bantu karibu 40,000 ba kuangalia ikasema hesabu yake haifanani na ile, na mupaka leo ukitaja ile mwaka ku meza ya bia watu wanasimama. Hakuna mutu alilalamika kwamba kura ilikuwa ya siri. Walilalamika juu ya hesabu.

Polis inakupa ile karto ya kujifichia, na ni karto muzuri sana. Mulango haikupi, unajijengea. Kuhesabu kwake unaweza kuaminia kidogo juu kode yake iko wazi, inashikwa na shirika isiyo ya faida inaitwa The Computational Democracy Project, mwenye kujua anaweza kuifungua akaangalia, lakini kwa muuza bukari ile "iko wazi" haimusaidii kitu, yeye anaaminia mupwa yangu, ao hamuaminii.

Mara ya pili tulifanya hivi, na njo ningeshauri. Iko namna ya kupa kila muntu linki yake yenye alama yake. Mupwa alizichapa ku bikaratasi, tukazikunja, tukaziweka mu basani, shefu wa kartye na muntu moya wa kila upande wakakaa pale, kila parsele ikatuma mutu, wanamutika mu kayee kwamba amekuya, anatia mukono anavuta karatasi. Tunajua nani alivuta, hatujui alivuta ipi. Haikuwa kamili, mwenye kutengeneza linki ndiye mwenye kuaminiwa na mwisho ya mwisho kuna muntu tu, tena parsele moya inaweza kuwa na familia ine na bapangaji wakalalamika kwa haki kabisa (mara ingine tutahesabu milango ya nyumba, hapana parsele). Lakini ile maneno ya "nani alipiga" ilikufa. Hata muzee wa kundi A alikuya kuvuta.

Makosa yake sasa, haraka. Herufi 140 ni kidogo kwa Kiswahili, maneno yetu ni marefu, mutu anakata wazo katikati na inabaki kama amri. Hauwezi kuuliza "unamaanisha nini", na kuna mawazo ilikataliwa juu tu iliandikwa vibaya. Mukiwa bachache karte inaruka-ruka, bantu watano wakiingia makundi inabadilika, kwa hiyo musiichukue kama Biblia. Bantu ba mbele wanapigia mawazo ya kwanza sana na mawazo yenye kuya nyuma inapata kura chache. Moderasio iko mukononi mwa mwenye kufungua masolo, anaweza kutosha neno na wewe haujui, wekeni babili ba pande mbili kama siye. Na bale ba telefone ya bitufe, bawazee, bamama benye hawasomi, wako inje kabisa. Siye tulikaa na bengine tukabasomea na kubabonyezea, na hapo siri imekwisha, tusijidanganye.

Mega inakula kidogo sana kuliko video za ku TikTok. Umeme ukienda tu njo unangoja.

Mutu aliniuliza kama hii haifanani na zile Community Notes za X (Twitter ya zamani), maelezo yenye bantu wanaongeza chini ya posti yenye kudanganya. Inafanana kidogo kwa roho: ile ilianza 2021 na jina ya Birdwatch, waandikaji wanatumia majina ya kubuni, na note haitoki mupaka bantu benye kawaida hawaelewani bote waseme inasaidia. Wazo ni lile lile la kutafuta mahali kambi zinakutana kuliko kuhesabu nani eko na kelele. Lakini pale hauchagui ulizo, unasafisha tu uchafu ya mwengine. Na ku muji wa Bowling Green, Marekani, mu 2025 wametumia Polis na bantu karibu 8,000 kuuliza muji wabo ukuwe namna gani, kwa hiyo haikufii kwa bengi.

Kwa nani? Kwa parokia, kwa asosiasio ya bazazi ya masomo, kwa bauza ba soko, kwa kartye yenye imegawanyika na bado wanasalimiana asubuhi. Kwa eleksion yenyewe hapana, hata usijaribu, haikutengenezwa kwa ile na mutu akikwambia ni kura ya kweli mukatalie. Na kama mumekwisha kufika kwa mapanga, hii si dawa, tafuteni bawazee.

Ulizo yenye kufuata inabishaniwa sasa hivi: bamoya wanataka tuulize juu ya kubadilisha Katiba, ile ya 2006, bengine wanasema tubaki ku taa na maji. Mi niko upande wa taa, mupaka ile ya ku kona iwake kwanza, halafu muniulize Katiba.

Mwenye anataka karatasi ya maelezo ya basani, mupwa yangu ameiandika ku ukurasa moya, muombe mu grupu mutapewa. Musimwombe namba yake.